Si Kila Apendaye Watu Anafaa Kuwasimamia

Kijana akisema anasomea usimamizi wa rasilimali watu, hakosi kuambiwa kwamba kazi hiyo inamfaa yeyote mwenye moyo wa kupenda watu. Moyo huo ni mwema, lakini hautoshi. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayosimamia usajili wa wataalamu wa fani hii, na anayeanza kazi hukutana na hesabu kabla ya watu. Kila mwezi kuna makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, na kodi ya mshahara ifike Mamlaka ya Mapato (KRA) kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mchango wa bima usipopelekwa, mfanyakazi anaweza kufika hospitali na mgonjwa wake, akaambiwa bima yake haisomi. Anayeidharau hatua hii hafai kuwa meneja.

Dai zito zaidi ni kwamba afisa huyu ni mtu wa mwajiri, kazi yake kufukuza. Wasemao hivyo wasome kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au afya, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama amtakaye. Yeye na huyo aliyemchagua wasikilizwe.

Chukua mlinzi wa ghala anayedaiwa kulala zamuni. Msimamizi wake anataka aondoke leo hii. Afisa anayeijua kazi yake anakataa: aandikiwe barua ya kutakiwa kujieleza, apewe muda wa kujibu, kikao kiendeshwe kwa Kiswahili, kumbukumbu zitiwe saini. Daftari la zamu likifunguliwa, huenda ikaonekana alipangiwa zamu mbili mfululizo. Akifukuzwa isivyo haki, mahakama inaweza kumpa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Wapo maafisa wanaochapa barua ya kufukuza kabla ya kikao kuanza. Hao wanamdhulumu mfanyakazi na kumtia mwajiri hasarani, na taaluma ingewakemea kwa sauti zaidi kuliko inavyofanya sasa.

Kuhusu kompyuta kuimaliza kazi hii, sina mengi. Itachambua maombi ya kazi na kupiga hesabu za mishahara. Mlinzi yule bado atahitaji mtu wa kumsikiliza.

Na eti njia hii haifiki juu? Mary Barra aliongoza idara ya rasilimali watu ya General Motors kabla ya kuwa mkuu wa kampuni hiyo mwaka 2014. Mfano wa Leena Nair una uzito zaidi, kwa kuwa yeye alikulia ndani ya fani yenyewe: mwaka 2016 akawa mkuu wa rasilimali watu wa Unilever duniani, na Januari 2022 akaanza kuiongoza Chanel. Safari yake ilianzia India, na miaka ya mwanzo ilimpitisha viwandani. Kwa hiyo mhitimu anayekataa nafasi katika kiwanda cha nguo huko Athi River, akingoja ofisi ya makao makuu jijini Nairobi, anaikataa shule yenyewe.