Ubao Juu ya Mteremko

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu mkuu uliopita lilizuka neno juu ya njia inayotoka mashambani kwenda kituo cha kuuzia karafuu. Halmashauri ilipendekeza kila tawi litoe siku moja ya kazi kabla ya mchumo, ili makorongo yajazwe mawe na mbao za kutahadharisha zisimamishwe juu ya ile miteremko mitatu mibaya. Mzee wetu mmoja, ambaye twamheshimu na maneno yake hayatupwi, alisimama akauliza: "Chama hiki ni cha karafuu. Barabara ni kazi ya Serikali. Ada zetu zaingiaje katika mteremko?" Wengi walimpigia makofi. Kwa kuwa magharibi ilikuwa imekaribia tulijibu kwa ufupi, na jibu letu, twakiri, lilikuwa dhaifu.

Leo twataka kumjibu mzee wetu kama inavyostahiki. Atuwie radhi kwamba jibu lenyewe tumelipata mbali, katika vilima vya Uingereza.

Kijana wa mwanachama wetu mmoja, aliye masomoni huko, alikuja likizo na ramani ya njia ya baiskeli aliyoipita yeye na wenzake. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1994, nayo hukata Uingereza ya kaskazini kutoka pwani ya magharibi hadi pwani ya mashariki, mwendo wa maili 140 hivi, yaani kilomita 225. Mpandaji huanzia Whitehaven au Workington, akatia gurudumu la nyuma katika maji ya bahari, na humalizia Sunderland au Tynemouth kwa kutia la mbele katika bahari ya upande wa pili. Katikati kuna Keswick na Penrith, khalafu ule mpando wa Hartside unaofika futi 1,904 juu ya bahari. Baada ya hapo njia hushuka na kupanda tena katika vijiji vya Nenthead, Allenheads na Rookhope, ambako zamani watu walichimba risasi. Kisha hufika Consett, mji uliokuwa na kiwanda kikubwa cha chuma mpaka kilipofungwa mwaka 1980. Kutoka hapo mtu huteremka polepole mpaka pwani, akipita mahali palipokuwa na reli.

Vilima vya huko si virefu ukivilinganisha na milima ya bara. Ubaya wake ni ukali. Nyingi katika njia zile zilikuwa za farasi wa mizigo na mikokoteni, nyembamba, zimebanwa pande zote mbili na kuta za mawe yaliyopangwa bila ya chokaa, wala hazizunguki kilima bali hukipanda moja kwa moja. Iko njia moja iitwayo Hardknott ambayo mahali pake pakali, kwa kila hatua tatu za kwenda mbele, imepanda hatua moja. Vijana wenye miguu ya chuma hushuka hapo wakasukuma.

Lakini kijana wetu alituambia neno ambalo kila aliyebeba gunia juu ya baiskeli atalikubali: kupanda ni taabu, khatari ni kuteremka. Anayepanda akichoka husimama. Anayeteremka njia asiyoijua hajui kona iko wapi, na mara nyingi chini ya kilima ndipo kilipo kijiji, na daraja, na ukuta wa kanisa, na kondoo wamelala njiani. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Kwa mwenye breki mbovu, wanaomngojea chini hungoja na machela.

Tulimwuliza: basi mgeni hujuaje? Akasema: kila penye mteremko mkali pana ubao unaomwambia kabla hajauanza. Hapo ndipo tulipotaka kujua ubao huo wa kwanza aliuweka nani, na khabari tuliyoipata ndiyo iliyotufanya tuandike makala hii.

Mwaka 1878, katika mji wa Harrogate, wapandaji baiskeli waliunda chama chao, na mwaka 1883 kikachukua jina la Cyclists' Touring Club. Baiskeli za wakati ule zilikuwa na gurudumu moja kubwa mbele na dogo nyuma, na breki yake ilikuwa ya kujifurahisha tu. Mtu akishindwa kuizuia kilimani hurushwa juu ya usukani akaangukia kichwa. Barabara nazo zilikuwa zimeharibika, kwa kuwa reli ilikuwa imechukua safari za mbali na waliokuwa wakitoza ushuru wa njia walikuwa wakifilisika mmoja baada ya mmoja.

Wanachama wale hawakukaa wakalaumu. Kwa fedha za ada zao, wao na chama chenzao cha wapandaji, walisimamisha mbao juu ya vilima vya khatari ili kumwonya ajaye. Waliteua mtu katika kila wilaya wa kumweleza mgeni khali ya njia. Walipatana na wenye nyumba za wageni vijijini juu ya bei, na nyumba iliyokubaliwa ikatundikwa alama ya gurudumu lenye mabawa. Mwaka 1886 vyama vile viwili viliunda jumuiya ya kudai barabara njema, ikachapa vitabu vidogo vya kuwafundisha wasimamizi wa barabara namna ya kuzitunza.

Je, Serikali ilikuwa wapi? Ilikuja, lakini ilichelewa. Sheria ya mwaka 1888 iliunda mabaraza ya majimbo na kuyapa barabara kuu. Sheria nyingine ya mwaka 1903, iliyoletwa na kufika kwa motokaa, ndiyo iliyoyalazimisha mabaraza kuweka alama penye kona mbaya, njia panda na miteremko mikali. Basi mbao za wanachama zilikwisha simama miaka mingi kabla sheria haijasema neno. Kama wangengojea, ni wangapi wangevunjika shingo katika muda huo?

Twajua mzee wetu atasema: "Mkiifanya ninyi kazi hiyo, Serikali italala usingizi mzuri zaidi." Neno hilo lina uzito, wala hatulipuuzi. Lakini mambo yaliyotokea huko Uingereza yaonyesha kinyume chake. Mwaka 1977, katika mji wa Bristol, watu wachache walijikusanya wakaanzisha jumuiya iliyokuja kujulikana kwa jina la Sustrans. Kati ya mwaka 1979 na 1986, kwa mikono ya watu wa kujitolea, waliigeuza reli iliyoachwa baina ya Bristol na Bath kuwa njia ya baiskeli ya maili 13. Mwaka 1995 zilipatikana fedha za bahati nasibu ya taifa, pauni milioni 43 na nusu, kwa ajili ya njia za nchi nzima, na waliopewa ni wao. Mwenye fedha hupenda kumpa yule ambaye kazi yake yaonekana kwa macho. Nasi tutakapokwenda kwa wakubwa kuomba gari la kifusi, heri twende nao mpaka njiani tuwaonyeshe mawe tuliyopanga wenyewe, kuliko kupeleka barua tupu.

Liko na jambo jingine la kujifunza kwao, ambalo sisi twaliona kubwa kuliko yote. Mwaka 2020 jumuiya ile ile ilitangaza kwamba itaondoa karibu robo ya njia zake katika hesabu ya njia za taifa, kwa kuwa magari yalikuwa mengi mno na haikuweza tena kumwambia mtu kwamba ni salama. Fikirini uzito wa kukiri hivyo mbele ya watu. Ubao ni ahadi. Anayeuweka ameahidi kwamba ataendelea kuitazama njia, na pale alama inapokuwa si kweli tena ataiondoa. Kwa hiyo siku moja ya kazi haitoshi. Lazima kila tawi liwe na mtu wa kuupitia mteremko wake kila baada ya mvua kubwa, na khabari zake ziletwe kwa Katibu.

Hatusemi haya ili kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Wale wa kwanza wengi wao walikuwa watu wenye uwezo wakitafuta starehe ya Jumapili, na sisi twapanda baiskeli kwa riziki. Lakini kama mtu aliweza kutoa ada yake kwa ajili ya starehe ya mgeni asiyemjua, sisi twashindwaje kuitoa kwa ajili ya mtoto wa jirani? Wengi wetu tumelelewa kwa mzigo uliobebwa na baiskeli ya Raleigh iliyoundwa Nottingham. Chuma tulikipokea kutoka huko. Na busara iliyokuja nyuma ya chuma hicho tuipokee pia.

Wanachama hawajasahau msimu uliopita. Kijana wa miaka kumi na sita, mtoto wa mwenzetu, aliteremka na gunia la karafuu kavu nyuma, mvua ikinyesha. Breki haikushika. Gunia lilipasuka katika korongo, na yeye akavunjika mkono. Karafuu ziliokotwa zikaanikwa tena, zikauzwa kwa daraja ya chini. Mkono wake mpaka leo haunyanyuki kufika kwenye tawi la mkarafuu. Kila mtu wa kijiji kile aliijua kona ile, isipokuwa yeye, maana ilikuwa mara yake ya kwanza kuipita na mzigo.

Hili ndilo jibu letu kwa mzee wetu. Ada zaingia katika mteremko kwa sababu karafuu zetu hupita hapo, na wanaozipitisha ni watoto wetu. Barua ya kudai haki yetu kwa Serikali imekwisha andikwa, na tutaifuatilia. Pamoja na hayo, twaomba kila tawi lituletee majina ya watu wake wa kazi kabla ya mchumo kuanza. Tangu chuoni tumefundishwa kwamba anayeondoa mwiba njiani ana thawabu yake, na hatukuambiwa kwamba mwiba uliopo njia ya Serikali tuuache.

Twatumai mzee wetu atakuwa wa kwanza kuandikisha jina. Sisi jina letu tumekwisha liandika.

Wenu katika kazi ya Chama,

KATIBU