Mashine Haijafa, Konsoli Ndiyo Imepofuka!

Haya jamani, leo sina somo la hatua kwa hatua, nina ugomvi. Ugomvi wangu ni na mafundi ambao wakiona mashine pepe zimegeuka kijivu kwenye konsoli, mbio mpaka chumba cha seva, kidole kwenye kitufe cha stima.

Niliyaona haya katika ofisi moja Nairobi ambayo sitaitaja. Ilikuwa mwisho wa mwezi, watu wa hesabu wanaingiza mishahara. vCenter ikasema seva moja ya ESXi haijibu, na mashine zake zote zikawa kijivu. Cha ajabu, watu wa hesabu hawakuwa wamelalamika. Walikuwa wanapiga kazi! Hifadhidata iliyodaiwa kufa ilikuwa inawajibu dakika ile ile. Fundi akazima seva. Basi hapo ndipo ilipokufa kweli, katikati ya kuandika, na usiku ukaishia kwenye kurejesha bakapu ya jana yake.

Tuelewane. vCenter haiendeshi mashine zako. Ni kama karani wa steji anayeandika matatu zinazopita. Karani akisinzia, matatu hazisimami barabarani. Mashine zinaendeshwa na ESXi yenyewe, na hata ukizima vCenter wiki nzima zitaendelea kunguruma. Utakachokosa ni kuzihamisha kutoka seva moja hadi nyingine na mambo mengine ya usimamizi.

Kwa hivyo swali la kwanza si "nizime?" Swali ni "nani haoni?" Jaribu kuifikia mashine yenyewe kwa mtandao, au mpigie simu anayeitumia. Kisha ingia kwenye ESXi moja kwa moja kwa anwani yake, bila kupitia vCenter. Ikikufungulia na kukuonyesha mashine zinaendelea, tatizo liko njiani kati ya wawili hao, na huna sababu yoyote ya kugusa stima.

Njiani kuna nini? Kila sekunde 10 ESXi hutuma pigo la moyo kwa vCenter kupitia UDP, poti 902. vCenter ikikaa sekunde 60 bila kulipata, inatangaza kwamba seva haijibu. Sasa fikiria mtu wa usalama aliyebadilisha kanuni za fayawoli Ijumaa jioni bila kumwambia mtu. Dalili yake haifichiki: unaunganisha upya, inakubali vizuri, unashangilia, halafu baada ya kama dakika moja inakatika tena. Ukiona hivyo nenda kwa fayawoli! Hata uzime seva mara saba, poti 902 haitafunguka kwa hofu.

Kama poti iko wazi, huenda wakala aitwaye vpxa amekwama. Amri ya /etc/init.d/vpxa restart inamwasha upya bila kugusa mashine hata moja. Asipopona, fanya vivyo hivyo kwa hostd. Na wakati mwingine mgonjwa ni vCenter yenyewe: diski imejaa logi, DNS imevurugika, au cheti kimekwisha muda. Wapo waliosakinisha vCenter 6.5 Update 2 wakapewa cheti cha STS cha miaka 2 tu. Kilipoisha hakuna aliyeweza kuingia, na mashine zote zilikuwa buheri wa afya.

Najua mtanijibu: "Lakini kuzima na kuwasha hufanya kazi!" Ndiyo, kwa sababu seva ikiwaka upya na vpxa anaanza upya pamoja nayo. Ni kuchoma nyumba ili kumfukuza panya, kisha kujisifu kwamba panya ameondoka. (Lawama nyingine ni ya mabosi wanaosimama nyuma ya kiti wakiuliza "imerudi?" kila dakika mbili. Fundi anabonyeza kitu ili aonekane anafanya kitu.)

Tangu Broadcom ilipoinunua VMware mwezi Novemba 2023 na kuondoa leseni za kudumu, wengi wamehamia Proxmox, na tabia wamehama nayo. Huko kijivu huja na alama ya kuuliza. Mara nyingi ni pvestatd amekwama akisubiri hifadhi ya NFS isiyojibu. Andika qm list uone mashine zako ziko hai, tibu ile NFS, kisha mwashe upya pvestatd.

Mahali pekee ambapo nitawaruhusu kukimbia ni kwenye akidi. Klasta ya Proxmox ina akidi kama Bunge. Klasta ya seva mbili ikipoteza moja, iliyobaki haina wingi: mashine zake zinaendelea, lakini /etc/pve inakuwa ya kusomwa tu na huwezi kuwasha mpya. Na kama umewasha HA, seva iliyokosa akidi itajizima na kujiwasha yenyewe baada ya kama dakika moja. Ndiyo maana nasema wekeni QDevice, kura ya tatu, kabla ya siku hiyo.

Na kama ESXi imekwama kweli, haijibu hata kwenye skrini yake yenyewe? Basi zima. Lakini kwanza ingia ndani ya kila mashine kwa SSH au dawati la mbali, funga hifadhidata, zima mashine taratibu kutoka ndani, na stima uiguse mwisho.