Kisangani: sheria inaadhibu habari ya uongo, lakini nani anafundisha mtoto kuipima?

Tangu tarehe 13 Machi 2023, nchi yetu iko na sheria mpya juu ya mambo ya mitandao. Kifungu chake cha 360 kinasema hivi: mtu anayeanzisha ao anayesambaza habari ya uongo juu ya mwenzake kupitia mitandao anaweza kufungwa mwezi 1 mpaka miezi 6, kulipa faini ya franka 500 000 mpaka 1 000 000, ao kupata azabu zote mbili. Kwa jamaa nyingi za Mangobo ao Kabondo, makuta hayo ni mzigo mkubwa sana.

Tuangalie vizuri lile neno «anayesambaza». Sheria haishiki mtunzi wa uongo peke yake. Inashika pia kijana aliyepokea ujumbe asubuhi na kuutuma kwa kundi la rafiki zake. Swali letu ni hili: kijana huyo alifundishwa wapi kupima habari?

Ku masomo, mara nyingi hakufundishwa. Mwalimu anasoma, mtoto anaandika, kisha anashika kwa kichwa. Hata kwa Egzamini ya Serikali, sehemu kubwa ya maswali inakuja na majibu tayari kwenye karatasi. Kazi ya mwanafunzi ni kuchagua moja. Hakuna anayemuuliza: «Habari hii umeitoa wapi?» Mara ya kwanza anasikia swali hilo ni kwa univasite, wakati profesa anaomba kazi yenye majina ya vitabu. Hapo wengine wanakimbilia sekreteria ya mtaani, wanalipa, wananakili kazi ya mwingine.

Kuna watu watasema hayo ni mambo ya wanafunzi tu. Hapa kwetu mashariki, tulikwisha kuona bei yake. Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, kisha ikafika Ituri, iliua watu 2 287 mpaka ilipomalizika Juni 2020. Uchunguzi uliofanywa Septemba 2018 kwa watu wazima 961 wa Beni na Butembo ulionyesha kwamba karibu mmoja kwa wanne hakuamini kama ugonjwa uko kweli. Uvumi haukuwa sababu moja tu. Vita na kukosa imani kwa serikali vilikuwemo pia. Lakini mtu asiyeamini ugonjwa anakawia kwenda hospitali. Na hapa Tshopo, tangu ugomvi wa udongo kati ya Wambole na Walengola ulipowaka mwaka 2023, kila mtu anajua namna sauti moja kwa telefone, bila jina na bila tarehe, inaweza kutisha Lubunga nzima.

Basi somo lenyewe ni namna gani? Tuchukue mfano wa mji wetu. Mwalimu anauliza: «Wazungu walifika lini hapa Boyoma?» Kitabu kimoja kinaandika 1877, kingine 1883. Nani anasema uongo? Hakuna. Stanley alipita kwenye maporomoko Januari 1877. Kituo kilijengwa mwisho wa 1883. Vitabu hivyo vinajibu maswali mawili tofauti. Na mtoto wa Wagenya ataongeza: wazee wetu walikuwa hapa mbele ya tarehe zote mbili. Saa moja tu, na darasa limejifunza kuuliza: nani anasema? Lini? Alijuaje? Nani mwingine anasema vilevile? Baadaye wanapima ujumbe wa telefone kwa maswali yaleyale.

Maktaba, ile wengi wetu tunaita bibilioteki, ndiyo mahali pa kazi hiyo, sababu hapo vitabu viwili vinaweza kuwekwa meza moja. Prefe atajibu: «Sina bibilioteki.» Ni kweli, shule nyingi hazina. Lakini kabati lenye vitabu 40, kamusi moja na ramani ya Congo linatosha kuanza, kama liko na mwalimu wa kulilinda na saa moja kwa juma kwenye ratiba. Kabati lililofungwa kwa ufunguo ndani ya biro ya prefe halifundishi mtu.

Watu wa kusaidia wako. ISP Kisangani inatayarisha walimu wa segondari, na wanafunzi wake wanafanya staji ndani ya shule zetu. Wanaweza kupewa somo hilo moja. Inspeksio inaweza kuliomba wakati inapotembelea shule. Kamati za wazazi, zinazochanga makuta kila mwaka, zinaweza kuuliza: kati ya rangi ya ukuta na vitabu, tunaanza na nini?

Serikali imekwisha kuandika azabu. Inabaki kuandika somo, na hilo halipashwe kungoja Kinshasa.