Ukimwalika mteja ugenini, anza na asichokula

Waswahili wamesema mcheza kwao hutunzwa. Leo nataka tuzungumze juu ya anayecheza ugenini, na khasa vijana wetu hapa Uingereza walioacha kazi za ulinzi na za kufagia maofisi wakafungua biashara zao wenyewe. Wapo wanaosafirisha makontena kwenda Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, wapo wanaouza viungo kwa jumla, na wapo wenye ofisi ndogo za tafsiri na ukalimani kama hii inayonilisha mimi tangu nilipolazimika kuihama nchi yangu na kalamu ikawa hailipi tena. Biashara hizi hazina matangazo ya televisheni. Mikataba yake hupatikana kwa kuaminiana, na kuaminiana huko mara nyingi hupimwa mezani, usiku, katika mji ambao si wako na pengine si wa mteja wako pia. Mmekutana Leicester kwa sababu ghala liko huko, au Birmingham kwa sababu ni katikati ya njia. Saa kumi na moja jioni kikao kimekwisha, mteja anakutazama. Mnakwenda kula wapi?

Nimeona wenzetu wakilijibu suali hili kwa namna mbili, na zote mbili sizipendi. Wa kwanza husema, "Popote tu, wewe unapenda wapi?" Yeye anadhani hiyo ni adabu, kumbe amemtwika mgeni mzigo ambao ni wa mwenyeji. Mgeni ataona haya kutaja mahali pa ghali kwa kuwa haujui mfuko wako, na ataona haya kutaja pa rahisi usije ukadhani anakudharau. Mwisho mnazunguka mvuani, mnasoma menyu vioo vya watu, na mnaingia pale ambapo miguu imechoka. Wa pili ni mwenye kujionyesha. Huyu hutafuta mkahawa wenye jina, taa hafifu, sahani kubwa chakula kidogo, na bili anaibeba kwa kadi ya mkopo. Mteja mwenye akili hula huku akipiga hesabu zake kimoyomoyo: fedha hizi zinatoka wapi kama si katika bei ninayotozwa mimi?

Mimi naona mkahawa wa kumlisha mteja hauchaguliwi kwa utamu wa chakula. Huchaguliwa kwa kuanza na yale ambayo mgeni wako hayawezi: asichokula, kelele asizoweza kusikia kitu ndani yake, ngazi asizoweza kupanda, saa asizoweza kukaa. Ukishaondoa hayo, mikahawa inayobaki katika mji ni michache sana na kuchagua kunakuwa kwepesi hata kwa mtu aliyeshuka kwenye treni mchana ule ule.

Kazi ya uandishi ilinifundisha hili kabla ya biashara. Mwandishi anapokwenda kukutana na mtu mwenye habari katika mji mgeni, haulizi biriani ya wapi ni tamu. Anauliza kama meza zimebanana, kama muziki uko juu, kama ipo pembe ambayo mtu anaweza kukaa bila ya kila anayeingia kumkodolea macho. Mtu asiye na raha hasemi kitu. Mteja naye ni hivyo hivyo, ijapokuwa siri yake ni bei tu.

Nitoe mfano mmoja ambapo mgeni nilikuwa mimi. Miaka kadhaa nyuma taasisi moja, ambayo sitaitaja, ilinialika chakula cha jioni katika mji wa kaskazini ya Uingereza ili niwaeleze hali ya waandishi wenzangu waliobaki nyumbani. Wenyeji wangu walikuwa watu wema. Walichagua mkahawa uliokuwa ukisifiwa kuliko yote mjini, na sifa yake ilikuwa ni nyama ya nguruwe. Supu ilikuwa na nguruwe, maharage yamekaangwa kwa mafuta yake, hata viazi vilitiwa vipande vyake juu. Hakuna aliyeniuliza kabla. Nikala mkate na maji. Kilichonichoma si njaa, maana nimewahi kulala na njaa kwa sababu kubwa kuliko hiyo. Kilichonichoma ni kwamba mazungumzo ya zaidi ya nusu saa yaliishia kwenye sahani yangu: huyu anaomba radhi, yule anamwita mhudumu, mpishi anatoka jikoni na kofia yake kuja kunipendekezea saladi. Ulipofika wakati wa kuzungumzia watu walioko kizuizini, wenyeji walikuwa wanatazama saa. Suali moja la simu, siku moja kabla, lingeyaokoa mazungumzo yale.

Kwa hiyo uliza, lakini uliza kwa adabu. Usimuulize mtu dini yake wala ugonjwa wake. Muulize tu, "Kuna kitu hutumii?" na umuulize mapema, au umuulize katibu wake. Na ukijibiwa "halali", usidhani umemaliza. Hapa Uingereza hakuna chombo kimoja kinachotoa cheti cha halali. Halal Food Authority iliyoanzishwa mwaka 1994 inakubali mnyama apigwe ganzi kabla ya kuchinjwa ilimradi ganzi hiyo isimuue, na Halal Monitoring Committee, ya mwaka 2003, haikubali kabisa. Wapo Waislamu wasiojali tofauti hiyo, na wapo ambao kwao ndiyo yote. Neno halali lililobandikwa dirishani halikwambii ni ipi kati ya hizo mbili, na mara nyingine halikwambii lolote. Halafu kuna suala la ulevi. Mikahawa mingi ya Kihindi inauza nyama ya halali na bia pamoja, na wapo watu wazima wa kwetu ambao hawatakaa hapo hata kwa glasi ya maji. Mteja wa Kizungu, kwa upande wake, akiambiwa mapema kwamba mnakokwenda hapauzwi mvinyo hatanuna. Hununa anapogundua ameshakaa.

Saa nazo zina mambo yake katika nchi hii. Mwezi wa Disemba Magharibi inaingia kabla ya saa kumi na moja jioni, mtu anasali na kuja mezani ametulia. Mwezi wa Juni inaingia baada ya saa tatu usiku, mko katikati ya chakula, na mgeni wako anaangalia simu yake kwa siri. Ukilijua hilo unaanza chakula mapema, au unachagua mahali penye msikiti karibu na unamwambia mwenyewe, "Sheikh, msikiti uko hatua chache, tutakungoja." Maneno hayo yana thamani kuliko kitindamlo.

Sasa turudi Leicester, maana huko wateja wengi wa watu wetu ndiko waliko. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, baraza la mji wa Leicester lilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasije. Wakaja. Leo Belgrave Road, wanayoiita Golden Mile, ni mojawapo ya mitaa inayoutambulisha mji huo, na ndani yake imo mikahawa ya Kigujarati isiyopika nyama ya aina yoyote. Familia nyingi za huko zilipitia Kampala, Jinja, Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam kabla ya kufika kwenye baridi hii. Ukifungua menyu utakuta "mogo" wa kukaanga kwa pilipili. Huyo si mwengine ila muhogo wetu, umepoteza herufi mbili njiani. Si ajabu mzee aliyekaa kwenye kaunta akakuuliza "umetoka wapi?" kwa Kiswahili safi kuliko cha watoto wetu waliozaliwa London.

Kwa chakula cha kibiashara, mkahawa wa namna hiyo ni ufumbuzi ambao wenzetu wanaupita kila siku wakitafuta mahali "pa hadhi". Pasipo na nyama hapana suali la kuchinja. Mhindu anakula, Muislamu anakula, Mzungu aliyeacha nyama anafurahi. Hata Mjaini, ambaye akishika dini yake sawasawa hali kitunguu, kiazi wala huo muhogo wenyewe, hukuta amewekewa vyakula vyake. La kuangalia ni karanga, ufuta na maziwa, ambavyo hujificha kwenye chatne na samli. Vyote vitatu vimo katika orodha ya vitu 14 vyenye kuleta mzio ambavyo kisheria mkahawa hapa nchini lazima uweze kukwambia vimo katika chakula gani. Mhudumu akikujibu kwa kubahatisha, ondoka.

Birmingham ni kinyume chake kidogo. Huko, katika mitaa ya Sparkbrook na Balsall Heath, ndiko ilikozaliwa balti miaka ya 1970, mikononi mwa wapishi wa Kipakistani: mchuzi unaopikwa haraka kwenye karai na kuletwa mezani na karai lile lile, pamoja na mkate wa naan mkubwa kama mkeka. Ni chakula kizuri na bei yake haimtishi mtu. Lakini mingi ya mikahawa hiyo haiuzi ulevi ila humruhusu mteja aje na chupa yake. Kwa hiyo unaweza kumpeleka al-haji mahali ulikoambiwa hapauzwi pombe, na meza ya pili yake pakawa na vijana sita na katoni ya bia. Mimi balti nampeleka mtu ambaye tumeshafanya naye kazi, tukacheke. Mkataba wa tarakimu siupeleki huko.

Na mji ukiwa huujui kabisa? Pita mchana, agiza chai. Mwenye kukaa robo saa mkahawani atajua zaidi ya aliyesoma sifa mia moja kwenye intaneti. Sakafu ya mbao, kuta tupu na dari la juu maana yake usiku mtapiga kelele kama mnadani. Nenda chooni: vyoo vingi vya mikahawa ya nchi hii viko chini ya ardhi, na mteja wako ana miaka sabini na goti bovu. Tazama kibandiko cha usafi wa jiko, kinachohesabiwa kuanzia 0 hadi 5. Wales na Ireland ya Kaskazini sheria inamlazimisha mwenye mkahawa kukionyesha, ila England halazimishwi, kwa hiyo usipokiona mlangoni, alama yake itafute mwenyewe kwenye mtandao wa Food Standards Agency. Halafu piga simu, useme unachotaka: watu wanne, mmoja hali nyama, mmoja karanga zinamdhuru, tunataka kuzungumza. Uliza pia jiko linafungwa saa ngapi, na kama ni Jumatatu uliza kama watafungua kabisa. Kwa namna wanavyokujibu simu ndivyo watakavyokuhudumia.

Limebaki la bili, na hapa naomba tuelewane. Sisi tumetoka katika nchi ambako chai mara nyingine si chai. Hapa kuna sheria ya rushwa ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Julai 2011. Ukarimu wa kiasi katika biashara haujakatazwa, lakini chakula cha kifahari kwa mtu ambaye kesho yake ataamua zabuni yako ni jambo jengine. Wateja wa ofisi zetu za ukalimani ni mahospitali na mabaraza ya miji, na watumishi wake wengi hutakiwa kuandika walichokirimiwa na nani. Ukimpeleka mahali pa paundi mia kwa kichwa, umempa kitu cha kuogopa kukiandika. Mkahawa wa kawaida, safi, wenye utulivu, unamlinda yeye na unaulinda mkataba wako.

Kadi yako ikabidhi kaunta kabla ya mgeni kufika, maana ule mtindo wetu wa kuvutana mashati kugombea bili huku unawatia watu haya. Ile asilimia 12.5 ya huduma inayoongezwa, khasa London, si lazima kisheria, lakini mkihudumiwa vizuri iache. Tangu Oktoba 2024 sheria inataka bakshishi yote iwafikie wafanyakazi. Na mtumishi wa baraza akikwambia anataka kulipa sehemu yake mwenyewe, usimbishie wala usione amekukataa. Mwache alipe, na risiti mpe kabla hajaiomba.