Kasoro Inayojulikana ni Deni, Si Hisani

Miongoni mwa mambo yanayosikitisha katika biashara za zama hizi ni muuzaji kujua kuwa alichokiuza kina kasoro inayoweza kuua, kisha akanyamaza. Na akiulizwa, akajibu kana kwamba anaombwa sadaka. Tunakusudia magari, na hasa mifuko ya hewa ya usalama iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani.

Mfuko huo hujazwa kwa nguvu ya kemikali iliyomo ndani ya kopo la chuma. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevunyevu huharibika. Siku ya ajali hulipuka kupita kiasi, kopo likapasuka, na vipande vya chuma vikamrukia dereva usoni na shingoni. Kilichowekwa kumlinda ndicho kinachomuua. Honda ilianza kuyaita magari yake mwaka 2008. Nchini Marekani peke yake mifuko ipatayo milioni 67 iliamriwa kubadilishwa bila malipo, na watu wasiopungua 28 wamethibitika kufa. Mwaka 2017 Takata ilikiri mahakamani huko kosa la udanganyifu, kwa kughushi matokeo ya majaribio, na mwaka huo huo ikafilisika.

Je, haya yanatuhusu? Yanatuhusu sana. Magari mengi ya barabara zetu huja yametumika kutoka Japani, na pwani yetu ni nchi ya joto na unyevunyevu. Ilani ya kiwanda humwendea mwenye gari aliyeandikishwa huko; aliyelinunua Mombasa au Dar es Salaam haimfikii. Naye akienda kwa muuzaji huambiwa: "Hili ni gari la mtumba, umelinunua kama lilivyo."

Jibu hili hatulikubali. Anunuaye kilichotumika huridhia uchakavu anaouona, wala haridhii hatari iliyofichika ndani ya usukani. Wanazuoni wa fikihi wameliwekea jambo hili mlango wake, nao ni khiyari ya aibu: aliyeuziwa kitu chenye kasoro asiyoijua ana hiari ya kukirudisha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, nayo inampa mlaji haki ya kulindwa usalama wake na kufidiwa kwa madhara ya bidhaa yenye kasoro.

Muuzaji atasema kuwa si yeye aliyelitengeneza. Ni kweli, lakini bei ameipokea yeye, na kuitazama namba ya chasisi katika orodha za kiwanda ni kazi ya dakika chache. Asiyetaka kutazama hana udhuru wa kutojua.

Kwa hiyo tunawanasihi wasomaji wetu: chukueni namba ya chasisi, hakikisheni kwa kiwanda kama gari limeitwa, kisha mwandikieni muuzaji barua yenye tarehe, mkidai jibu la maandishi. Nakala ihifadhiwe. Akikataa, mwendeeni wakala wa kiwanda, kisha chombo cha serikali cha kuwalinda walaji. Wala fundi wa kando ya njia asiachiwe kuufungua mfuko huo, kwani ni kitu cha kulipuka.

Anayedai haki hii hajipendekezi kwa mtu. Anadai deni, na deni lenyewe ni roho ya mtu.