TUUFAHAMU MLIMA UNAOTUNYWESHA

Masika yakisha kupita na baridi ya kipupwe kuanza, mji wa Morogoro huwa na uzuri ambao miji mingi ya nchi yetu haina. Njia zimekauka, mbingu zimetakata, na safu ya Uluguru husimama wazi juu ya mji, hata mtu aliye sokoni aweza kuyahesabu makorongo yake. Wananchi wameuita mji huu "mji kasoro bahari", na kwa hakika jina hilo laustahili. Lakini tunalo swali moja la kuwauliza wakazi wake, ambao kwa sensa ya mwaka 2022 walizidi 400,000: je, ni wangapi miongoni mwenu mliokwisha kuupanda mlima huo, japo mara moja?

Twachelea kwamba ni wachache. Mgeni hutoka Ulaya, akavuka bahari, akatafuta kijana wa kumwongoza, akapanda. Mwenyeji aliyezaliwa chini ya mlima huo huo hukaa barazani akiutazama kama picha iliyotundikwa ukutani. Wako wasemao kwamba kupanda mlima ni mchezo wa watu wasio na kazi. Wengine hudhani kwamba ni lazima mtu awe na viatu vya bei kubwa na likizo ya wiki nzima, kama aendaye kilele cha Kilimanjaro. Mawazo yote mawili hayana msingi.

Matembezi ya Uluguru yaliyo mepesi hayahitaji zaidi ya siku moja. Mwenye watoto wadogo aweza kuufuata Mto Morogoro hadi kwenye Bustani ya Mawe, pale maji yanaporuka juu ya majabali makubwa chini ya kivuli cha miti, akarudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Mwenye nguvu zaidi aweza kuondoka mjini saa 12 asubuhi na kupanda kuelekea Morningside, mwendo wa saa mbili au tatu kwa miguu. Mji uko yapata mita 500 juu ya usawa wa bahari. Morningside iko juu ya mita 1,000, na huko joto la mjini husahaulika. Njia yapita katikati ya migomba na bustani za mboga, na mwishoni mwake ipo nyumba ya kale iliyojengwa zama za utawala wa Wajerumani. Akigeuka nyuma, mtu ataona mji wote umetandazwa chini yake, na mbele zaidi nyika hadi upeo wa macho.

Kilele cha Lupanga, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,100, ni jambo jingine. Njia yake ni ya mwinuko mkali, ya mizizi na utelezi, nayo yataka siku nzima, kiongozi aijuaye, na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu kwa kuwa yaingia ndani ya msitu wa hifadhi. Hatumshauri mtu aanzie huko. Aanze na safari fupi. Miguu ikisha kuzoea, kilele hakitahama.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini gazeti lishughulike na matembezi, hali yako mambo makubwa ya nchi? Jibu letu ni kwamba jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mto Ruvu, ambao ndio unaoupatia mji wa Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake, hupata maji mengi kutoka milima hii ya Uluguru. Mwezi Oktoba 2022 kina cha Ruvu kilishuka, na mamilioni ya watu wakapewa maji kwa mgao. Siku hizo kila mtu aliuliza habari za bomba. Ni wachache waliouliza habari za mlima. Mtu aliyekwisha kusimama kandokando ya kijito huko juu, akaona jinsi msitu unavyoyanasa mawingu na kuyaachilia maji polepole mwaka mzima, hatahitaji kuhubiriwa. Heri kuona kuliko kuambiwa.

Tena msitu huo ni hazina ya dunia. Mwaka 2008 misitu ya Uluguru iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia yenye hekta zipatazo 24,000. Wamo ndani yake ndege wasiopatikana mahali pengine popote, na vyura wadogo wa ajabu wanaozaa watoto badala ya kutaga mayai. Je, si aibu mtoto wa Morogoro kujifunza habari za viumbe hao kutoka katika kitabu cha mgeni?

Lakini hapa yatupasa kusema neno la haki. Mlima una wenyewe. Waluguru wamelima miteremko ile vizazi kwa vizazi, na ardhi yao ikarithiwa kwa ukoo wa upande wa mama. Mnamo mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwalazimisha wakulima kukata matuta ya ngazi, eti kuuokoa mlima. Walioamuru hawakuwauliza waliolima. Kazi ilikuwa nzito, faida haikuonekana, na mwezi Julai 1955 hasira ya watu ikalipuka huko Matombo, hata damu ikamwagika. Amri zile zikaachwa. Shabaha ya kuhifadhi udongo haikuwa mbaya; kilichoiharibu ni kutumia amri mahali pa mashauriano.

Somo hilo halijachakaa. Hata leo ni rahisi kwa mtu wa mjini kumlaumu mkulima wa mlimani kwamba ndiye mharibifu, huku yeye mwenyewe akipikia mkaa uliotokana na miti ya wilaya hiyo hiyo, na akinunua kwa bei ya chini mboga zilizoteremshwa kichwani tangu alfajiri. Atembee njia ile mara moja akiwa mikono mitupu, kisha apime uzito wa kikapu cha mama yule. Ndipo yeye na mkulima wataweza kuzungumza juu ya mlima kama ndugu, si kama bwana na mtwana.

Kwa hiyo tunayo maombi machache. Twaiomba Manispaa iweke vibao vya kuonyesha njia, vyoo, na mapipa ya taka mahali pa kuanzia safari. Twawaomba wahusika wahakikishe kwamba sehemu ya ada inayotozwa wageni yavifikia vijiji ambavyo njia zapita, na kwamba kazi ya kuongoza wapandaji wapewe vijana wa huko. Twawaomba walimu, kabla ya kuwapeleka watoto kwenye mbuga za mbali kwa gharama kubwa, wawapandishe kwanza mlima uonekanao dirishani mwa darasa. Na wakazi wa Dar es Salaam nao hawana udhuru: tangu Juni 2024 treni ya umeme huwafikisha Morogoro kwa muda wa saa mbili hivi.

Nanyi mtakaopanda, shikeni adabu ya safari. Vaeni viatu visivyoteleza, chukueni maji ya kutosha na sweta, na mteremke kabla jua halijaanza kuchwa, maana mawingu huweza kuufunika mlima upesi. Mwamkieni mzee mnayemkuta shambani kwake, wala msikanyage matuta yake. Mkinunua ndizi, msipunguze bei kama mlio sokoni. Zaidi ya yote, jihadharini na moto. Kiangazi ndicho kipindi kizuri cha kutembea, na ndicho hicho hicho ambacho kipande kimoja cha sigara huweza kuteketeza msitu uliokua kwa mamia ya miaka.

Mlima huu hautudai fedha nyingi wala ushujaa. Watudai siku moja tu ya mapumziko, na miguu yetu wenyewe. Wananchi, Jumamosi ijayo amkeni mapema, mwende mkautazame kwa karibu mlima unaowanywesha. Kisha mrudi mkawasimulie jirani zenu mliyoyaona.