Bania vyote, lakini usibanie wembe

Leo nataka tuongee juu ya wembe. Najua kuna atakayecheka, lakini soma mpaka mwisho.

Siku moja papa mmoja alikuja kunyoa ndevu kwangu, hapa Nakivale. Nikamkalisha, nikampaka povu. Nilipochukua wembe akanishika mkono. "Kijana, huo wembe ni mpya?" Nikasema, "Ndiyo papa, nimeufungua jana." Akanitazama. "Na jana ulimnyoa nani?"

Nilikosa jibu. Nilikuwa nimenyoa watu watatu na ule wembe. Papa akajifuta povu, akaniaga vizuri tu, akaenda. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni huu: kijana mwenye pesa kidogo aanze na wembe wa mkono, asingoje mashine. Lakini awe na sheria moja isiyovunjwa: kila kidevu na wembe wake.

Kwa nini wembe? Juu mashine inataka moto. Kwenye mafunzo niliyopitia tulipewa mashine moja kwa watu wanne. Kuichaji ni kulipa, na mvua ikinyesha siku tatu sola inalala, na sisi tunalala njaa. Tangu msaada wa chakula upunguzwe, siku tatu si mchezo. Wembe hauulizi jua liko wapi.

Ukitaka kuanza, usinunue ule wembe wa kizamani wa kukunja, wenye makali yake yenyewe. Ule ni mzuri kwa mtu anayejinyoa mwenyewe, unakaa miaka mingi, lakini unataka jiwe la kunolea na mkanda wa ngozi, na makali ni yale yale kwa kila mtu. Kwa kazi ya wateja tafuta mpini wa kubadilisha wembe. Unachukua wembe wa kawaida wenye makali pande mbili, unauvunja katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, unaingiza nusu. Paketi ya nyembe 5 inakupa vipande 10, ndiyo wateja 10. Mimi paketi naipata kwa shilingi 1,000, na ndevu nanyoa kwa 1,000. Piga hesabu mwenyewe: kila mteja wembe wake ni shilingi 100. Kwa hiyo anayesema wembe mpya utamfilisi, hajakaa chini akahesabu.

Mengine yote bania. Povu ni sabuni ya kawaida na brashi. Kitambaa kisafi, maji ya moto, kioo kidogo. Kiti azima kwa jirani.

Mkono nao ujifunze kabla ya kumgusa mtu. Puliza baluni, lipake povu, linyoe bila kulipasua. Likipasuka, jua hilo lilikuwa shavu la mtu. Halafu jinyoe mwenyewe. Weka kitambaa cha maji moto dakika chache ili ndevu zilainike. Vuta ngozi ikaze. Wembe usilale kabisa wala usisimame, uinue kidogo tu, na upitishe taratibu kufuata ndevu zinakolala. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata kinyume na kuzimaliza kabisa, zinajirudi ndani ya ngozi, ndiyo vile vipele vya shingoni mnavyovilalamikia kila siku. Mtu mwenye vipele tayari, usipitishe wembe juu yake. Mwambie asubiri vipoe.

Sasa tuje kwenye damu. Wengi tunaogopa Ukimwi, na ni sawa kuogopa. Lakini kuna homa ya ini aina ya B. Virusi vyake vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 vikiwa bado vinaambukiza, hata kwenye tone lililokauka ambalo jicho halilioni. Kupangusa wembe na spiriti haraka haraka halafu "next" hakutoshi. Wembe ukishatumika, utupe. Mpini uoshe kwa sabuni, kisha uloweke dakika 10 kwenye jiki: kipimo 1 cha jiki ya asilimia 3.5, vipimo 6 vya maji. Ukimaliza suuza na ukaushe, la sivyo utashika kutu. Nyembe zilizotumika zitie kwenye kopo lenye kifuniko. Watoto wetu wanacheza kwenye takataka miguu mitupu, tusisahau.

Nanyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, naomba mnisikie bila kukasirika. Mkiandaa vifaa vya vinyozi, msifikirie mashine peke yake. Mpini, nyembe za kuanzia, kopo la kutupia na siku moja ya kufundishwa usafi vitawaweka vijana wengi kazini kwa bei ya mashine moja. Na chanjo ya homa ya ini B ipo. Kinyozi anagusa damu ya watu, asisahauliwe.

Wengine watasema, "Wateja wenyewe hawaulizi." Ni kweli, wengi hawaulizi. Wanatuamini, na wanatupa shingo zao. Ndiyo maana ni juu yetu kufungua wembe mbele ya macho yao kabla hawajauliza.

Mimi nafanya hivyo sasa. Navunja karatasi mteja akiona. Yule papa alirudi baada ya wiki kadhaa, akakaa, akatazama wembe ukitoka kwenye karatasi, hakusema kitu. Alifumba macho tu, akainua kidevu.

Wewe unayenyoa au kunyolewa kambini kwako, wembe wa mwisho uliokupita ulikuwa wa nani? Tuambiane.